Kompyuta Hazilali, Mbona Tunazifungia?

Wasee, kuna hii imani ati utafiti mkubwa wa kompyuta ni wa vyuo vyenye pesa ndefu. Historia inakataa.

Mwaka 1988, Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Marekani kilikuja na programu inaitwa Condor. Wazo lenyewe si gumu: kompyuta ikikaa bila mtu, ipewe hesabu za watafiti. Mwenyewe akirudi akagusa kibodi, hesabu zinampisha na kuhamia mashine nyingine. Hakuna aliyenyang'anywa kitu.

Kisha 1994, Thomas Sterling na Donald Becker wa NASA wakachukua kompyuta 16 za kawaida, wakaziunganisha kwa nyaya za mtandao na kuziendesha kwa Linux. Wakaita klasta hiyo Beowulf. Ghafla hukuhitaji tena mashine ya mamilioni.

Vyuo vidogo vikadakia hapo hapo. Mwaka 2007, mwalimu Joel Adams na mwanafunzi wake Tim Brom wa Calvin College, Michigan, waliunda Microwulf kwa chini ya dola 2,500. Ilikaa mezani, ilichomekwa kwenye soketi ya ukutani, na ilipiga hesabu zaidi ya bilioni 26 kwa sekunde. Cheki hapo: mwanafunzi hakuletewa klasta aitazame. Aliijenga.

Lakini kushiriki si mteremko. Darasa la saa nne linataka majibu sasa hivi, na mtafiti ana kazi ya siku tatu. Ukiwaacha hivyo watagombana. Dawa ni foleni yenye sheria: kazi fupi za darasani zitangulie mchana, zile ndefu zipewe usiku na wikendi. Hiyo haihitaji mfadhili, inahitaji makubaliano.

Sasa njoo kwetu. Chuo nilichosomea kilifunga maabara saa kumi na moja jioni, kufuli mbili, ati mashine zisiharibike. Usiku kucha zilikaa bure, huku mhadhiri akingoja laptop yake moja imalize hesabu za wiki nzima.

Mimi naona shida yetu si uhaba wa kompyuta pekee. Ni kwamba tunazihesabu kama viti: mwanafunzi akiinuka, kazi imeisha. Na kila mwaka tunaowafungia nje ndio wale wale tunaotarajia wawe watafiti kesho.

Chuoni kwenu ufunguo anao nani? Muulize, halafu mniambie alivyojibu.