Mkorosho Hauhamishiki

Wageni wengi wanaofika Lupaso, Masasi, wanafuata kaburi. Benjamin Mkapa alizaliwa hapa mwaka 1938, akazikwa hapa Julai 2020. Sawa. Ila ukishatoa heshima zako, geuka uitazame mikorosho. Nayo ina historia, tena nzito.

Mkorosho si mti wa asili huku. Wareno ndio walioutoa Brazili na kuuleta pwani yetu katika karne ya 16. Wakulima wa Masasi na Newala waliupokea kwa akili yao: waliupanda katika shamba lilelile la mihogo, mtama, kunde na mbaazi. Jembe lililopalilia mihogo ndilo lililoutunza mti ukiwa mchanga. Chakula kwanza, pesa baadaye. Leo wataalamu wanasema kilimo ikolojia; wao waliita shamba, basi.

Jirani tu, Nachingwea, mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walikuja na fikra nyingine: matrekta, na karanga tupu hadi upeo wa macho. Mwaka 1951 London iliufunga mradi huo wa karanga, uliokuwa pia Kongwa na Urambo, baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 35. Korosho za wakulima wadogo ziliendelea kuongezeka. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Watu walihamishwa, mkorosho hauhamishiki. Wengi walijikuta shamba lipo mbali, na bei nayo haikuwalipa kwenda. Magugu yakaota, matawi yakasongamana, na ugonjwa wa ubwiri unga ukashika majani machanga na maua. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000.

Mara nyingi tunaulaumu ukungu peke yake. Lakini ukungu ulikuta mahame.

Kilichorudisha zao ni dawa ya salfa, pamoja na kazi ya watafiti wa Naliendele, Mtwara: kupogolea, kusafisha mashamba, miche bora. Msimu wa 2017/18 tulivuka tani 310,000. Hapo kuna deni, hata hivyo. Salfa inayopulizwa mwaka hadi mwaka huongeza tindikali kwenye udongo, hasa wa kichanga, na chini ya mti uleule ndipo inapolimwa mihogo ya nyumbani. Tukiachia salfa kazi yote, panga la kupogolea likapata kutu, tutakuwa tumeuacha mti mara ya pili, safari hii tukiwa tunaishi jirani yake.

Ndiyo maana nikisikia mpango mpya wa mashamba makubwa ya korosho, siulizi kwanza idadi ya ekari. Nauliza: nani atalala karibu na miti hiyo, na atakula nini ikiwa bado haijazaa?