Kiinitete

Kiinitete, wingi viinitete, ni kiumbe katika hatua za mwanzo, tangu yai linaporutubishwa. Kwa binadamu, baada ya takriban wiki 8 huitwa kijusi. Ndani ya neno kiinitete limo neno kiini, lile lile la kiini cha yai la kuku.

Katika maabara za upandikizaji mimba, viinitete vya panya hutumiwa kupima usalama wa vifaa kabla havijagusa viinitete vya binadamu. Viinitete vya seli moja huwekwa ndani ya tone la kimiminika cha kukuzia, chini ya mafuta, kwenye joto la nyuzi 37. Baada ya saa 96 huhesabiwa vilivyofikia blastosisti, yaani kijifuko chenye uwazi uliojaa maji. Kwa kawaida visipofika asilimia 80, shehena nzima ya bidhaa inayopimwa hukataliwa. Mafuta yenyewe ni mshukiwa mkubwa, kwani yakiharibika hutoa peroksidi zinazoua seli kimyakimya.

Marekani ilikiweka kipimo hiki katika kanuni zake mwaka 1998. Hata hivyo, viinitete vya panya chotara ni imara na huweza kustahimili sumu hafifu; ndiyo maana maabara makini huhesabu pia seli za kila blastosisti.