Chenga kwenye kadi ya TV: soma hapa kabla hujanunua busta



Kuna mshikaji kaniuliza kwa nini kompyuta yake inaonyesha chenga wakati TV ya sebuleni, kebo ile ile, iko safi kabisa. Swali hilo lilishanitoa jasho mwaka 2006.

Nilikuwa nimepanga chumba Mwanza. TV sina, ila nina kompyuta yenye kadi ya TV, na kebo naivuta kutoka sebuleni kwa mama mwenye nyumba. Julai 9, fainali ya Kombe la Dunia, Italia na Ufaransa, washikaji wakachanga hela, nikanunua busta na kuichomeka nyuma ya kompyuta. Chenga zikazidi! Dakika ya 110 Zidane anamtwanga Materazzi kichwa, analambwa nyekundu, sisi tunasikia kelele za jirani tu. Na hela za watu nadaiwa.

Kesho yake nikamfuata mzee mmoja fundi redio. Baada ya shikamoo nikamweleza. Akauliza, "Busta umeiweka wapi, mwanangu?" Nikasema mwishoni, kwenye kompyuta. Akacheka: "Busta haichagui. Ukiipa picha inakuza picha, ukiipa chenga inakuza chenga."

Somo ndilo hilo. Zuia mawimbi yasipotee njiani, maana yakishapotea busta haiyarudishi. Fuata mpangilio huu:

1. Pima kwanza. Azima TV, uichomeke waya ule ule unaoingia kwenye kompyuta. Ikitoa chenga nayo, tatizo ni waya au splita. Ikiwa safi, tatizo liko kwenye kompyuta.

2. Splita. Ya njia mbili inapoteza kama desibeli 3.5 kila upande, yaani zaidi ya nusu ya nguvu. Ya njia nne ni kama desibeli 7, unabaki na moja ya tano tu! Yangu ilikuwa ya njia nne na tunatumia mbili. Matundu matupu nayo hurudisha mawimbi nyuma, picha inaweza kuwa na kivuli. Weka splita ya njia unazohitaji tu, au ziba matundu kwa vizibo vya omu 75.

3. Waya. Tumia wa omu 75, RG-6 ni mzuri kuliko RG-59, hasa kwa chaneli za juu. Ule wa netiweki za zamani, RG-58, ni wa omu 50, achana nao. Usiukunje kwenye kona kali, na ufupishe kadiri uwezavyo.

4. Vichwa vya waya. Uzi mmoja tu wa wavu wa nje ukigusa waya wa katikati, umekwisha. Shaba ikiwa nyeusi, kata ufunge upya.

5. Ndani ya kompyuta. Zima, chomoa umeme, hamishia kadi kwenye tundu lililo mbali na kadi ya video. Ukiona mistari minene inapanda taratibu, shuku ethi. Ukipigwa shoti ukigusa kebo, acha hapo hapo, ita fundi umeme. Usikate mguu wa ethi hata siku moja!

6. Busta iwe ya mwisho, na ikae mwanzoni, kabla ya splita, mawimbi yakiwa bado masafi.

Mimi niliishia namba 4. Splita ya njia mbili, waya mpya, vichwa viwili, chenga kwisha. Busta nikaiuza, nikarudisha hela za watu.

Angalizo kwa wa leo: Tanzania ilianza kuzima analojia Desemba 31, 2012, ikianzia Dar. Kadi ya analojia haishiki matangazo ya dijitali. Kwa kebo ya dijitali tafuta kadi ya DVB-C, kwa antena DVB-T2. Huko hakuna chenga, picha inavunjika vipande vipande au inaganda ghafla. Ila waya ni ule ule na kanuni ni zile zile.

Mwenye nyongeza atupie hapo chini. Za kuiba kebo ya jirani msiniulize, mimi bili nilikuwa nachangia!