Rufaa ya mauaji ilivyofika pwani ya kusini

Mwaka 1895 Wajerumani walijenga boma la Mikindani, juu ya kilima kinachoitazama ghuba. Mwaka huohuo, Kilwa Kivinje, Hassan bin Omari Makunganya na wenzake walinyongwa kwa kuupinga utawala huo, kwenye mti ambao wenyeji wanauita Mwembe Kinyonga hadi leo. Aliyehukumiwa siku zile hakuwa na pa kukata rufaa. Bwana wa boma ndiye aliyekamata, ndiye aliyeshtaki, ndiye aliyehukumu.

Aprili 1896 Berlin ilitoa amri kwamba hukumu ya kifo kwa Mwafrika isitekelezwe mpaka gavana aithibitishe. Hiyo haikuwa rufaa. Karatasi ndiyo iliyosafiri kwenda Dar es Salaam. Aliyehukumiwa alibaki na pingu zake, hakuulizwa neno. Na vita vya Majimaji vilipowaka, viongozi wa Wangoni walinyongwa kwa makumi kule Songea, Februari 1906.

Waingereza walipochukua nchi walikuja na sheria za India. Kuanzia 1920 mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji Mikindani au Lindi alihukumiwa kwa Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, na ushahidi dhidi yake ukapimwa kwa Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872. Tanganyika ilipata kanuni yake ya adhabu mwaka 1930, lakini sheria ya ushahidi ya India iliendelea kutumika mpaka 1967, na hiyo tuliyoitunga wenyewe ilirithi mengi kutoka kwake. Ndiyo maana mpaka sasa mawakili wetu hunukuu hukumu za India bila kuona ugeni wowote.

Rufaa za mauaji zilikwenda Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa 1902. Hapo ndipo majaji walipolazimika kuyatazama maisha ya watu wa huku. Mwaka 1941, katika shauri la Fabiano Kinene kutoka Uganda, watu walikuwa wamemuua mzee waliyemkuta usiku akitambaa uchi kwenye boma lao, wakiamini kwa dhati kwamba anawaroga. Mahakama iliwaondolea hatia ya mauaji ya kukusudia, ikabakisha kuua bila kukusudia. Si kwamba ilibariki kitendo. Ilikubali kwamba hofu yao ilikuwa ya kweli kwao. Kwa maoni yangu, hiyo ni moja ya siku ambazo sheria ya kikoloni ilijitahidi kumsikiliza mtu aliyesimama mbele yake.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na mahakama hiyo ikaenda nayo. Tanzania ikaanzisha Mahakama yake ya Rufani mwaka 1979, Francis Nyalali akiwa Jaji Mkuu. Mwaka uliofuata ikatoa uamuzi ambao hakuna wakili wa jinai asiyeujua, wa shauri la Waziri Amani, kuhusu utambuzi wa usiku. Kabla ya kumtia mtu hatiani kwa sababu shahidi anadai alimwona gizani, mahakama iulize. Mwanga ulikuwa wa nini, na mkali kiasi gani? Shahidi alisimama umbali gani? Alimtazama kwa muda gani? Alikuwa akimfahamu kabla ya hapo? Fikiria kijiji cha Msimbati, nyumba yenye koroboi moja, kelele, watu wanakimbia huku na huku. Shahidi anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akakosea. Watu waliokwisha kuhukumiwa kunyongwa wamerudi makwao kwa sababu maswali hayo hayakujibiwa.

Kusini kulikuwa na kikwazo kingine: barabara. Mpaka daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003, kuvuka mto Rufiji kulikuwa kwa kivuko cha Ndundu, na masika ikikolea Lindi na Mtwara zilikuwa kama kisiwa. Mawakili na mashahidi walikwama njiani. Leo Mahakama ya Rufani huja yenyewe Mtwara kwa vikao vyake, majaji watatu kwa kila shauri, na hukumu zake huandikwa kwamba zimetolewa Mtwara. Mzee wa Kitaya au Kilambo anaweza kufika kumsikiliza mwanawe akitetewa.

Uzito wa rufaa hiyo unatokana na kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu. Mtu mzima akitiwa hatiani kwa mauaji, jaji hana adhabu ya kuchagua zaidi ya kunyongwa, isipokuwa kwa mjamzito. India haina ulazima wa namna hiyo kwa mauaji: mwaka 1980, katika shauri la Bachan Singh, Mahakama yake ya Juu iliamua kifo kiwe kwa yale mashauri adimu kupita adimu. Kwetu Jaji James Mwalusanya alitamka mwaka 1994, katika shauri la Mbushuu, kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili, ila ikasema Katiba inairuhusu. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika, Arusha, ikaamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba ule ulazima unavunja haki ya kuishi. Hakuna aliyenyongwa nchini tangu 1994, lakini hukumu zinaendelea kutolewa.

Juni 2025 Mahakama Kuu Mtwara iliwahukumu kunyongwa askari polisi wawili kwa mauaji ya kijana mfanyabiashara yaliyotokea Januari 2022. Wenzao watano waliachiwa. Mji ulikuwa na hasira na shauri lile, na hasira ile ilikuwa na haki yake. Lakini mlango wa rufaa uko wazi kwa askari kama ulivyo wazi kwa mvuvi: taarifa ya kukata rufani hutolewa ndani ya siku 30 tangu hukumu, na aliye gerezani huipitisha kwa mkuu wa gereza.