Chati ya Kona: Kutoka Farnborough 1940 Hadi Kwenye Simyuleta

Ukikaa na watu wanaocheza simyuleta za ndege za kivita, nusu saa haiishi kabla ya ubishi huu kuzuka: kati ya Spitfire ya Mwingereza na Messerschmitt Bf 109 ya Mjerumani, ni ipi inayokata kona kali zaidi? Mmoja atataja kumbukumbu za rubani fulani mzee. Mwingine atadai waliotengeneza simyuleta wamependelea upande mmoja. Leo nataka tuangalie kifaa kinachoweza kuamua ubishi kama huo: chati ya kona. Historia yake ina zaidi ya miaka 80, na ndani yake mna vita, hesabu za mkono, na muda wa tarakilishi uliochukuliwa kinyemela.

Kwanza, hesabu kidogo

Ndege haikati kona kama matatu. Rubani huilaza ubavu, kisha huvuta usukani ili ile nguvu ya mbawa inayoibeba ndege iivute pia kuelekea ndani ya kona. Nguvu hiyo ikiwa mara 2 ya uzito wa ndege, tunasema anavuta G 2. Ikiwa mara 5, ni G 5. Ukijua G na mwendo, unajua kona:

kasi ya kugeuka = 9.81 × √(G² − 1) ÷ mwendo
nusu kipenyo = mwendo² ÷ (9.81 × √(G² − 1))

Mwendo uwe wa mita kwa sekunde, na jibu la kwanza ulizidishe kwa 57.3 ili upate digrii kwa sekunde. Ndege inayoenda mita 200 kwa sekunde kwa G 5 hugeuka digrii 13.8 kila sekunde, na duara lake lina nusu kipenyo cha mita 832. Punguza mwendo hadi 150, G ibaki 5, na sasa inageuka digrii 18.4 kwa sekunde ndani ya nusu kipenyo cha mita 468.

Je, polepole ndiyo bora siku zote? Hapana. Nguvu ya mbawa hupungua kwa mraba wa mwendo. Ukipunguza mno, mbawa haziwezi tena kutoa hizo G 5, na ukilazimisha, hewa inaachana na bawa na ndege inaanguka. Huo ni mpaka wa kushoto wa chati. Mpaka wa kulia ni uimara wa ndege na mwili wa rubani: G zikizidi, chuma hupinda au mtu huzimia. Mipaka hiyo miwili inapokutana juu pana ncha, na hapo ndipo ndege inapogeuka haraka kuliko mahali pengine popote. Umbo lake lote linafanana na kibanda chenye paa, ndiyo maana marubani wa Marekani huliita banda la mbwa.

Kuna mstari wa tatu, nao ndio wenye utamu. Kukata kona huongeza ukinzani wa hewa. Juu ya mstari huu, injini haiwezi kulipa gharama ya kona, kwa hiyo ndege inapoteza mwendo au kimo. Chini yake, injini ina ziada. Juu ya mstari wenyewe, unaweza kuzunguka hadi mafuta yaishe. Ndege moja inaweza kushinda kwenye ile ncha kwa sekunde chache, kisha ikashindwa kwenye mstari huu wa kudumu. Wabishi wengi huwa wanazungumzia mistari miwili tofauti bila kujua.

Farnborough, 1940

Mwezi Novemba 1939 ndege moja ya Bf 109E ilitua Ufaransa ikiwa nzima na kuangukia mikononi mwa Wafaransa. Mei 1940 Waingereza walikabidhiwa, wakaipeleka Farnborough kwenye kituo cha utafiti cha Royal Aircraft Establishment. Waliipima kila upande, kisha wakachora chati za kona zake na za Spitfire.

Walikokotoa kona kali zaidi ambayo kila ndege ingeweza kuzunguka bila kupoteza kimo, injini ikiwa wazi kabisa, kwenye kimo cha futi 12,000. Nusu kipenyo cha Bf 109E kilikuwa futi 885, yaani mita 270. Cha Spitfire kilikuwa futi 696, yaani mita 212. Sababu kubwa ni mbawa. Uzito wa ndege hizo haukutofautiana sana, lakini mbawa za Spitfire zilikuwa na eneo la mita mraba 22.5 dhidi ya takriban 16 za Mjerumani.

Kesi imekwisha? Ngoja kidogo. Ripoti hiyo hiyo inaeleza kwamba katika mapambano ya majaribio, baadhi ya marubani wa Spitfire walishindwa kumkwepa mwenye Bf 109 aliyekuwa mgongoni mwao. Ndege yao ilikuwa na uwezo, ila wao hawakuukaza usukani vya kutosha. Ukiuvuta kupita kiasi kwenye kona kali, Spitfire ingeweza kupinduka ghafla na kuanza kuzunguka kama pia ikielekea chini. Rubani anayejua hivyo huacha nafasi ya usalama. Kwa maneno mengine, chati ilipima uwezo wa ndege, na majaribio yakapima ujasiri wa mtu. Likumbuke hili, tutalirudia.

Florida, miaka ya 1960

Sasa tuvuke Atlantiki. John Boyd alikuwa rubani wa jeshi la anga la Marekani, aliyerusha F-86 katika vita vya Korea na baadaye kufundisha mapigano ya angani kule Nellis, Nevada. Baada ya masomo ya uhandisi Georgia Tech, alipelekwa kambi ya Eglin, Florida, mwaka 1962. Alikuwa na wazo: ndege ipimwe kwa nishati.

Fikiria hivi. Kimo ni akiba yako benki, mwendo ni pesa taslimu mfukoni, na kukata kona ni matumizi. Swali ni mshahara wako kwa sekunde ni kiasi gani:

ziada = (msukumo − ukinzani) × mwendo ÷ uzito

Jibu hutoka kwa mita kwa sekunde. Likiwa sifuri, uko juu ya ule mstari wa kudumu tuliouona. Boyd hakuwa wa kwanza kufikiri kwa njia hii; mhandisi Edward Rutowski alichapisha makala kuhusu mbinu ya nishati mwaka 1954. Jipya la Boyd lilikuwa kuiweka kwenye kona, na kulinganisha ndege mbili adui katika kila mwendo na kila kimo.

Hapo ndipo tarakilishi inapoingia. Ukitaka mwendo tofauti 20, vimo 10 na G 8 kwa ndege moja tu, hizo ni hesabu 1,600. Kwa kalamu ni wiki nzima za kazi. Boyd hakuwa na ruhusa ya kutumia mashine za Eglin. Thomas Christie, mwanahisabati raia aliyefanya kazi pale, alikuwa nayo. Alipitisha hesabu za Boyd chini ya jina la kazi nyingine. Baadaye wachunguzi walikuja kuulizia huo muda wa mashine, lakini wawili hao hawakuadhibiwa. Mwaka 1964 ripoti ya nadharia yao ilitolewa.

Chati zilileta habari mbaya. Katika sehemu kubwa za mwendo na kimo, ndege za Kisovieti zilikuwa na ziada kuliko za Marekani. Tarehe 4 Aprili 1965, karibu na daraja la Thanh Hoa huko Vietnam, MiG-17 ziliangusha F-105 mbili zilizokuwa zimebeba mabomu. F-105 iliweza kufika mara mbili ya mwendo wa sauti. MiG-17 ilikuwa ndege ya muundo wa miaka 15 nyuma. Mwendo wa juu kabisa, ile namba inayopendwa na matangazo, haukuwasaidia marubani wale. Hoja za Boyd na wenzake zilichangia kuzaliwa kwa F-16, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1974 na ambayo imejengwa kuhimili G 9.

Kutoka jeshini hadi sebuleni

Mwaka 1985 kitabu cha Robert Shaw, Fighter Combat, kiliwaeleza raia chati hizi. Falcon 4.0 ilipotoka mwaka 1998 na IL-2 Sturmovik mwaka 2001, wachezaji walikuwa tayari kuuliza swali la Farnborough upya, ila sasa kinachopimwa ni msimbo. Nadhani mwandishi yeyote wa programu atalitambua jambo hili: chati ya kona ni jaribio. Unajua jibu linalotarajiwa, unaendesha programu, unalinganisha.

Namna ya kuichora mwenyewe ni hii:

1. Chagua kimo kimoja, uzito mmoja na kiasi kimoja cha mafuta. Ukibadilisha chochote, hiyo ni chati nyingine.
2. Zunguka duara kamili bila kupoteza kimo wala mwendo, ukipima sekunde. Gawanya 360 kwa sekunde hizo.
3. Rudia kwa mwendo mwingine, mara nyingi uwezavyo. Huo ndio mstari wa kudumu.
4. Kwa mpaka wa juu, vuta hadi ndege itetemeke, na uandike G na mwendo wa papo hapo.

Ukitumia JSBSim, ambayo msimbo wake ni huria, unaweza hata kufungua faili za XML na kusoma majedwali ya mbawa na injini, kisha ukokotoe chati bila kuruka kabisa.

Na sasa turudi kwa yule rubani wa Spitfire. Mchezaji wa simyuleta huvuta usukani mpaka mwisho kila mara, kwa sababu akianguka atabonyeza kitufe na kuanza upya. Mapambano yake hukaa karibu na mpaka wa chati kuliko yalivyokaa ya mwaka 1940. Ndiyo maana simyuleta iliyokokotolewa vizuri inaweza kupingana na kumbukumbu za rubani mkweli, na wote wawili wakawa sahihi. Kwa hiyo mtu akikuambia ndege fulani ilikuwa ikikata kona kuliko nyingine, mwulize kimo gani, uzito gani, mafuta kiasi gani. Kisha mwulize ni nani aliyekuwa akiirusha.