Nyumbu, Punda Milia na Mzigo wa Mpagazi

Bidhaa zinazouzwa leo katika mtaa wa Asiatique, hapa Bujumbura, hutufikia kwa meli na kwa malori. Karne moja na nusu iliyopita, shehena ya pwani ilifika Ziwa Tanganyika mabegani mwa watu. Mpagazi alichukua yapata frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, tangu Bagamoyo hadi Ujiji. Katika makala haya tungependa kuwakumbusha walimu wenzetu kwa nini mzigo ule haukupakiwa mnyama, na jinsi mnyama wa kuubeba alivyotafutwa kwa njia ya kuchanganya mbegu.

Farasi hawakudumu katika njia ile. Mwaka 1871 Stanley aliondoka Bagamoyo na farasi wawili. Wote walikufa katika majuma ya kwanza ya safari. Alipofika Mugere, karibu na mji wetu, mwezi wa Novemba mwaka huohuo pamoja na Livingstone, alikuja kwa mtumbwi. Adui mkubwa wa wanyama wa mizigo alikuwa nagana, maradhi yaenezwayo na mbung'o, ambayo kijidudu chake kilitambuliwa na David Bruce huko Zululand mnamo 1895.

Punda milia, kwa upande wake, huishi penye mbung'o bila kudhurika sana. Ndipo watu walipowaza: je, akipandishwa kwa farasi, hatazaliwa mnyama mwenye utiifu wa mama na ustahimilivu wa baba? Huko Uskoti, Cossar Ewart, aliyekuwa akichunguza mambo ya urithi, alimpata chotara wake wa kwanza, Romulus, mwaka 1896. Karibu na Kilimanjaro, zama za Wadachi, Bronsart von Schellendorff alijaribu kuwafuga punda milia wenyewe. Baadaye, huko Nanyuki, Raymond Hook alizalisha machotara wa kupandisha mizigo Mlima Kenya.

Wanyama hao walikuwa na nguvu, lakini hawakuwa na kizazi. Farasi ana kromosomu 64, punda milia wa nyika zetu 44. Mtoto wao hupata 54 zisizooana, naye huwa tasa. Kila mmoja hana budi kutafutwa upya, na kwa njia hiyo kundi halipatikani. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, chuma ndicho kilichompokea mpagazi mzigo wake.

Walimu na walitazame neno *nyumbu*. Mwanafunzi wa leo humjua nyumbu wa Serengeti, ahamaye kwa makundi makubwa. Lakini nyumbu ni pia mtoto wa punda dume na farasi jike, ambaye huitwa vilevile baghala, neno lenye asili ya Kiarabu. Mnyama mwenye makundi na mnyama asiyezaa wanashiriki jina moja. Yafaa tuwafundishe wanafunzi maana zote mbili, tena tuwaeleze kwa nini baghala alikuwa adimu katika njia za misafara, na ni nani aliyebeba badala yake.