Kontena Inayotupita Athi River

Anti yangu ana duka la vyombo Kitengela, kando ya barabara ya Namanga. Duka lenyewe ni kontena kuukuu ya futi 20, imekatwa dirisha na kupakwa rangi ya bluu. Mwaka jana yeye na wenzake wawili wa chama waliamua kuacha kununua Kamukunji, waagize kontena yao kutoka China. Hapo ubishi ukaanza. Mmoja alitaka mzigo ushukie Mombasa. Mwingine akaapa: "Dar ni bei poa! Ushuru wao mdogo, halafu lori linapita Namanga, Kajiado, mpaka hapa mlangoni."

Pesa iliyobishaniwa ilikuwa akiba ya miaka minne. Mimi, kwa kuwa eti nimesoma, nikaombwa nipige hesabu. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Kumbe hesabu yenyewe ina zaidi ya miaka mia.

Ushuru ndio ulikuwa rahisi. Tangu 2005 Kenya, Tanzania na Uganda zina viwango vya pamoja vya forodha kwa bidhaa za nje. Chukua bidhaa ya kiwango cha asilimia 25. Mzigo ukithaminiwa shilingi 1,000,000, pamoja na nauli ya meli na bima, ushuru ni 250,000, uwe Mombasa au Dar. VAT hupigwa juu ya jumla hiyo: Kenya ni asilimia 16, yaani 200,000, Tanzania ni 18, yaani 225,000. Kila nchi ina ada zake nyingine, ya reli ikiwemo. Lakini mzigo wa kuuzwa Kitengela hulipiwa kodi Kenya hata ukishukia Dar. Kwa hivyo ule "ushuru mdogo" haukuwepo. Kilichobaki ni safari na siku.

Safari ya baharini haikuwa shida. Tarehe 26 Aprili 1956, Mmarekani Malcom McLean alipakia makontena 58 kwenye meli Ideal X, ikatoka Newark kwenda Houston. Kabla ya hapo makuli walibeba gunia kwa gunia, sanduku kwa sanduku. Kontena ilishusha gharama za kupakia na kupakua. Kwetu, maumivu huanza mzigo ukishagusa nchi kavu.

Na nchi kavu yetu ilipangwa na watu wengine. Waingereza walianza reli Mombasa mwaka 1896, wakafika Kisumu 1901, na njiani wakazaa Nairobi. Wajerumani walianza yao Dar mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914. Yaani reli ya Dar ilielekea magharibi, Ziwa Tanganyika. Sisi wa kaskazini hatukuwa kwenye ramani yake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakaunganisha Voi na Kahe, karibu na Moshi, na baada ya vita mizigo ya Kilimanjaro ikawa inateremka Mombasa.

Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na Tanzania ikafunga mpaka. Namanga haikufunguliwa hadi 1983. Leo kuna kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa 2018, na lami nzuri hadi Arusha. Ila kilomita hazijapungua: kutoka Dar hadi Kitengela ni karibu mara mbili ya kutoka Mombasa. Tena kontena ni mali ya kampuni ya meli. Ukishatoa vyombo, lazima uirudishe tupu, na siku za bure zikiisha, faini inahesabiwa kila siku.

Kwa hivyo Mombasa. Lakini hata huko kuna kichekesho. Treni za mizigo za SGR zilianza Januari 2018. Zinapita Athi River, hapo tu jirani yetu, kisha zinaendelea hadi bandari kavu ya Embakasi. Mtu wa Kitengela anaiona kontena yake ikimpita, halafu analipa lori liirudishe. Mwaka 2019 serikali iliagiza mizigo ya bara yote ipande treni, Mombasa wakaandamana. Septemba 2022 wenye mizigo wakarudishiwa uhuru wa kuchagua.

Anti na wenzake walichagua lori kutoka Mombasa. Yule wa Dar alinuna wiki nzima, kisha akaja kusaidia kushusha makatoni. Tulimaliza giza likiingia. Niliwasimulia habari za Wajerumani na Voi, wakacheka. Anti hakucheka.

"Hao wa zamani nimewaelewa," alisema, akipangusa jasho. "Hawakuwa wanatujua. Lakini hawa wa treni wanatujua, si walipita hapa wakipima? Mbona hawakutuwekea hata pa kushushia?"

Sikuwa na jibu. Nilibeba katoni iliyobaki, nikaingiza ndani.